Dodoso lasema akashone, yeye anataka umeme

Bi Mshauri, Assalamu alaykum.

Mimi ni mwalimu wa ufundi umeme katika chuo kimoja cha amali hapa Pemba. Mwenzetu aliyekuwa mshauri wa wanafunzi alipohamia Unguja, mkuu wa chuo aliniita, akanikabidhi ufunguo wa chumba chake na faili moja nene, akanambia, "Wewe wanafunzi wamekuzoea." Ikawa ndiyo kazi yangu, juu ya vipindi vyangu vya kila siku.

Nikapelekwa mafunzo mafupi. Huko tulisomeshwa nadharia za namna mtu anavyofikia kazi yake: Parsons, Holland, Super, Krumboltz, na bibi mmoja anaitwa Gottfredson. Mkufunzi alipenda kututolea mifano ya vyuo vya jamii vya Marekani, vile vya miaka miwili ambavyo mtu huingia bila ya masharti makubwa. Alisema wanafunzi wa kule wanafanana na wetu: wengi ni wa kwanza kwao kuvuka sekondari, wengi wanasoma huku wanafanya kazi, na wengine ni watu wazima wenye watoto. Nilitoka na daftari limejaa.

Niliporudi nikafungua lile faili, nikakuta dodoso la kutafuta mwelekeo wa mtu, lile la makundi sita ya Holland, limeshatafsiriwa na kutolewa kopi. Nikawajazisha wanafunzi wapya wote. Wasichana karibu wote waliangukia kundi la kuhudumia watu, au lile la kazi za utaratibu wa ofisini. Wavulana wakaangukia kazi za mikono. Mkuu wa chuo alifurahi, maana ushonaji na upishi zina nafasi, na umeme umejaa.

Sasa kuna watu watatu hawanitoki kichwani.

Wa kwanza ni binti wa upande wa Micheweni. Kidato cha Nne alifaulu vizuri hesabu na fizikia. Baba yake ni mvuvi. Akienda dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali, nyumba hubaki na wanawake watupu, na huyu binti ndiye anayefungua pasi ikiharibika na kubadilisha soketi iliyoungua. Katika fomu ya kuombea chuo aliandika umeme. Dodoso likasema kuhudumia watu. Nikamsomea matokeo, akasema, "Sawa mwalimu," akenda akajiandikisha ushonaji. Lakini kila nikiwa karakana namuona anapita dirishani, na hana haraka ya kupita. Nilikutana na baba yake sokoni nikamgusia. Akanijibu kwa upole, "Mwalimu, nani atamwita mtoto wa kike apande juu ya dari yake?" Nikakosa la kusema.

Wa pili ni kijana wa ufundi bomba. Msimu wa karafuu ukiingia haonekani. Akirudi ana pesa ya ada mkononi, lakini mahudhurio yake yameshuka na jina lake limo katika orodha ya watakaozuiwa mtihani.

Wa tatu ni mama wa watoto wanne, anasoma upishi. Mkono wake hodari, lakini akikosea kidogo tu husema, "Mie nishachelewa, mwalimu. Haya mambo ya watoto."

Nikilifungua daftari langu, kila nadharia inanivuta upande wake. Niambie, Bi Mshauri: ipi ndiyo sahihi, niishike hiyo? Na nadharia za Wamarekani zina kazi gani kwa mtoto wa Micheweni ambaye kazi yake itaamuliwa na baba, mjomba na bei ya karafuu?

Mwalimu, Pemba

*

Wa alaykum salaam, mwanangu.

Hakuna nadharia ya kuishika peke yake, na sababu yake si kwamba zote ni sawasawa. Hawa wataalamu hawakuwa wakijibu swali moja. Holland aliuliza mtu anafanana na kazi gani. Super aliuliza mtu yuko wapi katika umri wake na majukumu yake. Gottfredson aliuliza ni kazi zipi mtu ameshazifuta kabla hajafika mbele ya meza yako. Ukimpelekea Holland swali la Gottfredson atakujibu, na jibu litakuwa na sura ya ukweli, lakini litakupoteza. Ndilo lililotokea kwa binti wa Micheweni.

Kwa hiyo nina moja tu la kukushikia: dodoso liwe la mwisho kutoka ndani ya faili, lisiwe la kwanza. Mengine nitakayosema yote yanazunguka hapo.

Tulitazame hilo dodoso lenyewe. John Holland alianza kuitangaza nadharia yake mwaka 1959. Aliwapanga watu, na mazingira ya kazi pia, katika makundi sita: kazi za mikono na vifaa, uchunguzi, sanaa, kuhudumia na kufundisha watu, kuongoza na kufanya biashara, na kazi za utaratibu wa kumbukumbu na hesabu. Mtu huwa na mchanganyiko wa makundi mawili au matatu, na mazingira yakifanana naye hutulia kazini. Si maneno ya ovyo hayo, na mimi nimeyatumia. Lakini dodoso linapima mapendeleo, na mtu hupendelea alichokionja au alichoruhusiwa kukionja. Mpe msichana wa miaka 17 karatasi imuulize, "Unapenda kuwasaidia wagonjwa na watoto wadogo?" Msichana gani aliyelelewa vizuri ataandika hapana? Muulize tena, "Unapenda kufungua mashine?" Yeye hasikii swali la mashine hapo. Anasikia anaulizwa kama yeye ni mtoto wa kike wa namna hiyo.

Basi dodoso lako lilipima malezi ya Pemba, likatoa karatasi iliyoandikwa kipaji. Hata huko Marekani, katika miaka ya 1970, ulizuka ubishi mkubwa juu ya vipimo vya mapendeleo kuwarudisha wanawake kwenye kazi zile zile zilizokwisha kuitwa za kike. Na mkuu wako, unasema, alifurahi. Mimi matokeo yanayolingana mno na viti vilivyo wazi hunitia wasiwasi.

Kitu kingine: ulikuwa na ushahidi mzito kuliko dodoso, nao umo ndani ya barua yako mwenyewe. Huyu mtoto anafungua pasi. Anabadilisha soketi. Aliandika umeme kwenye fomu kwa mkono wake, kabla mtu yeyote hajamwambia yeye ni wa kundi gani. Tendo analolifanya mtu nyumbani bila ya kutumwa lina uzito kuliko visanduku vyote alivyovitia alama akiwa amekaa mbele ya mwalimu.

Mkufunzi wako alipenda vyuo vya jamii vya Marekani, basi hebu tuvichukue kweli. Vina umri mrefu, kile cha Joliet huko Illinois kilianza mwaka 1901, na vimeshaumia sana na tatizo hili la kumpa mtu fani kwanza kisha kumuuliza. Mwaka 1972 Terry O'Banion aliwaandikia washauri wa vyuo hivyo mpangilio wa hatua tano: kwanza malengo ya maisha, kisha malengo ya kazi, kisha fani, kisha masomo, mwisho ratiba. Sisi tunaingilia mlango wa nyuma. Fomu ya kujiunga inamtaka mtu aandike fani siku ya kwanza, tunampa ratiba siku ya pili, na maisha yake hatumuulizi mpaka aanze kukosa vipindi.

Na kabla ya hao wote kulikuwa na Frank Parsons, aliyefungua ofisi ya ushauri wa kazi mjini Boston mwaka 1908. Alifanya kazi katika mitaa ya wahamiaji, watoto wa maskini waliokuwa wakishika kazi yoyote iliyotokea, na alitaka mambo matatu: mtu ajijue, azijue kazi zilivyo, kisha ayaunganishe hayo mawili kwa kufikiri sawasawa. Hilo la pili ndilo tunaloliruka. Mtoto wa Micheweni anazijua kazi ngapi kwa macho yake? Mwalimu, muuguzi, askari, karani wa wilaya, mvuvi, mkulima, mshoni, muuza duka. Utamtaka achague kutoka kwenye sahani ambayo hajafunuliwa?

Sasa tuje kwa yule uliyemwita bibi mmoja, maana yeye ndiye angekufaa siku ile. Linda Gottfredson aliandika mwaka 1981 kwamba mtoto haanzi kwa kuchagua kazi, huanza kwa kuzifuta. Akiwa na miaka 3 hadi 5 anatambua wakubwa wana nguvu na kazi ni mambo ya wakubwa. Kati ya miaka 6 na 8 anajifunza hii ya kiume, hii ya kike, na anafuta upande usio wake. Kati ya miaka 9 na 13 anaanza kuona hadhi, ipi ya watu wa maana na ipi ya kudharauliwa, anafuta tena. Inapofika miaka 14 na kuendelea, ndipo anapojiuliza yeye mwenyewe anapenda nini, na hapo anachagua ndani ya kilichobaki. Alichokifuta harudi kukitazama mpaka kitu kimsukume. Na akilazimika kupunguza matakwa yake, alivyoona Gottfredson, cha kwanza kukiacha ni kile anachokipenda, hadhi huiachia baadaye, na la mwisho kabisa kuliachia ni kuonekana anafanya kazi isiyo ya jinsia yake. Isome tena ile "Sawa mwalimu" ukiwa na hilo kichwani.

Wala usidhani mistari hii ya kiume na kike imeshuka na mvua. Kilimo cha mwani cha biashara kiliingia pwani ya mashariki ya Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980. Kabla ya hapo hakikuwa kazi ya mtu yeyote, hakikuwa na mwenyewe. Leo ukitaja mwani, hapa Unguja na huko kwenu, picha inayokuja ni mwanamke yuko majini na kamba zake. Kizazi kimoja tu, na watoto wanakua wakidhani imekuwa hivyo tangu Nuhu.

Kwa hiyo ukikaa naye, na ukae naye pamoja na mwalimu wa kike msiwe wawili peke yenu, usimuulize anapenda nini. Muulize: "Kabla ya ushonaji ulikuwa unafikiria kazi gani? Ipi uliiacha? Ulikuwa darasa la ngapi ulipoiacha, na nani alikuwepo?" Mpe muda. Wanafunzi husema maneno ya ajabu wakiulizwa hivi. Atakwambia habari ya fundi aliyekuja kwao akamfukuza asiangalie, au ya mjomba aliyecheka. Hapo ndipo utajua unachoshughulika nacho. Na ikiwa atakwambia anaupenda ushonaji kwa dhati na umeme ulikuwa wa kupitisha wakati tu, mwache ashone. Fundi mzuri wa nguo za harusi hapa kwetu hakosi kazi. Tusimtoe kwenye dodoso tukamtia kwenye matamanio ya mwalimu wa umeme.

Ila mimi, kwa habari ya dirisha, nadhani utakuta ni umeme.

Ukikuta hivyo, kinachofuata ni imani yake juu ya uwezo wake, na hapa nakwenda pole pole kwa sababu walimu wengi hufanya la rahisi. Nancy Betz na Gail Hackett walichapisha mwaka 1981 utafiti wa wanafunzi wa chuo huko Marekani. Wanawake walijiona hawawezi kazi zilizozoeleka kuwa za wanaume, ilhali alama zao za mitihani ya uwezo, hesabu na lugha, hazikuwa nyuma ya wanaume. Walikuwa na uwezo na hawakuwa na imani. Wao waliazima wazo la Albert Bandura, aliyetaja mwaka 1977 mambo manne yanayojenga imani hiyo: kufanya mwenyewe ukafaulu, kumuona mtu kama wewe akifaulu, kuambiwa na watu unaweza, na hali ya mwili wako, yaani kama unatetemeka au umetulia. La nguvu kuliko yote ni la kwanza. Sisi walimu tunalikimbilia la tatu kwa sababu halina gharama, tunamwambia mtoto "unaweza, unaweza," kisha tunashangaa.

Wewe una karakana. Mchukue siku isiyo na kipindi, yeye na wenzake wawili watatu wa kike wasiogope, wape ubao wa mazoezi, waya, taa moja na swichi mbili, wawashe taa kutoka huku na waizime kutoka kule. Usimsaidie haraka. Akikosea mwache atafute kosa kwa kipimo. Taa ikiwaka, hana haja ya hotuba yako.

La pili, amuone mtu kama yeye. Kinyasini, hapa Unguja, kuna kituo cha Barefoot College kilichowafundisha wanawake wa vijijini, tena wengine mama watu wazima wasio na skuli ndefu, kufunga na kutengeneza umeme wa jua. Tafuta njia wanafunzi wako waonane na mmoja wao. Mama wa shamba aliyevaa kanga akaeleza jinsi ya kuunga betri atamfanyia binti huyo, na baba yake pia, kazi ambayo wewe na mimi hatuiwezi.

Na baba je? Umeniuliza nadharia za Wamarekani zina kazi gani ambapo baba na mjomba ndio waamuzi. Zile za mwanzo ni kweli zilimtazama mtu kama vile kazaliwa peke yake kisiwani. Lakini Robert Lent, Steven Brown na Hackett huyo huyo, mwaka 1994, waliziweka pamoja imani ya mtu, matarajio yake, na mazingira yanayomsukuma au kumzuia, wakasema wazi kwamba mazingira yanaweza kulikata pendeleo lisifike kuwa chaguo. Baba ni sehemu ya hesabu, si kikwazo cha kuzungukwa. Ushauri unaomruka mzee wa nyumba hapa kwetu haufiki mlangoni.

Na swali lake ni swali la haki. Hakusema "sitaki." Aliuliza nani atamwita. Ni swali la soko, mwanangu, na lina jibu. Atamwita mwanamke ambaye mume wake yuko dago. Atamwita mwanamke ambaye mume wake yuko Unguja, au Muscat, au yuko kazini mpaka magharibi. Soketi ikitoa moshi saa nne asubuhi, mwanamke huyo hawezi kumuingiza fundi mwanamume ndani, anazima swichi kubwa anakaa bila ya umeme mpaka mwenyewe arudi au kaka yake apatikane. Nyumba ngapi za namna hiyo ziko Micheweni peke yake? Yeye baba anaijua moja vizuri sana, ni yake. Tangu waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika Pemba mwaka 2010, umeme umekuwa ukiingia mpaka nyumba za shamba, na kila unapoingia unaingia jikoni na chumbani, wanakokaa wanawake.

Usimwambie hayo sokoni. Nenda kwake, baada ya alasiri, na mwalimu wa kike mtu mzima, na mtangulize mtu anayeheshimika naye. Msikilize kwanza. Atakuja na la stara: mavazi, kupanda ngazi, kufanya kazi katikati ya wanaume. Hayo usibishane nayo, yajibu kwa mpangilio. Atavaa nini karakana, atakaa na nani, mafunzo kwa vitendo atapelekwa wapi na atalala wapi. Kama chuo chako hakina majibu ya hayo basi baba ana haki ya kukataa, na kazi yako ya kwanza iko kwa mkuu wako, haiko Micheweni.

Kijana wa karafuu.

Huyu hana tatizo la kuchagua kazi hata kidogo, na mtu wa kumsaidia ni Donald Super. Mwaka 1980 Super aliyachora maisha ya mtu kama upinde wa mvua, kila rangi ni jukumu: mtoto wa wazazi wake, mwanafunzi, raia, mfanyakazi, mwenye kuendesha nyumba, mtu wa mapumziko. Majukumu haya yanakwenda pamoja, na moja likivimba lingine linabanwa. Karafuu hazingoji mtihani. Zisipochumwa kabla hazijachanua zinageuka mpeta, thamani imekwisha, na mchumaji hulipwa kwa pishi aliyoichuma, si kwa nia njema. Kijana huyu anaacha vipindi ili apate ada ya vipindi. Kumwita mtoro ni kutoona.

Unachoweza kufanya ni cha kawaida kabisa: keti naye kabla ya msimu, usingoje baada. Apange na walimu wake kazi za vitendo zitangulizwe au zifidiwe, iandikwe, itiwe saini, mkuu aione. Na nina hakika si yeye peke yake. Chuo kilicho katikati ya mikarafuu kisicho na utaratibu wa msimu wa karafuu kinajitafutia utoro.

Halafu kuna John Krumboltz. Kama mkufunzi wako alikwambia Krumboltz anasema kazi ni bahati tu, alikupa nusu. Yeye na wenzake, mwaka 1999, walisema mambo yasiyopangwa yatamtokea kila mtu, na mshauri amzoeze mwanafunzi kuyafanyia kazi: awe mdadisi, asikate tamaa mapema, akubali kubadilika, awe na matumaini, athubutu. Muulize huyo kijana, huko kwenye karafuu ameona nini? Hapo Wawi, karibu na Chake Chake, kuna kiwanda cha makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kinachotoa mafuta kwa mvuke. Mvuke unapita wapi kama si kwenye bomba? Mwanafunzi wa ufundi bomba aliyekulia juu ya mkarafuu, nani mwingine wa kumpeleka kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo pale? Huenda wasimchukue. Aende akaulize.

Mama wa watoto wanne nitamsema kwa ufupi, maana wewe mwenyewe umeshaona mkono wake hodari. Super aliwahi kugawa umri: kutafuta njia miaka 15 hadi 24, kujijenga 25 hadi 44, na kuendelea. Mtu akiusoma mgawanyo huo kama ratiba ya boti, atajiona boti imemwacha. Lakini Super mwenyewe alisema mtu anaweza kuzirudia hatua hizo kila maisha yanapogeuka. Mama huyu anatafuta njia kwa mara ya pili, akiwa na akili aliyoipata mara ya kwanza. Nancy Schlossberg, aliyeshughulika na watu wazima walio katika mageuko, alitaka tutazame vitu vinne: hali yenyewe ilivyo, nafsi ya mtu, msaada alionao, na mbinu anazotumia. Anzia msaada. Nani anabaki na watoto? Mdogo kabisa akiumwa nani anampeleka hospitali? Nadhani "nishachelewa" yake nusu ni uchovu. Na siku ya kupikia wengi, mpe yeye akisimamie kikundi. Mtu aliyewahi kupika pilau ya shughuli ya watu mia tatu hawezi kuendelea kudhani jiko ni mambo ya watoto.

Sasa faili. Usilitupe dodoso. Lirudishe baada ya miezi kadhaa, wanafunzi wakishaona karakana zote na kuzungumza na watu wanaofanya kazi hizo, na ulitumie kuanzisha mazungumzo: "Hapa umeandika hupendi. Kwa nini?" Usimsomee mtu kundi lake kama hukumu ya kadhi. Na usilitumie kugawa nafasi, hata mkuu akikuomba.

Mkuu wako mpelekee karatasi moja yenye safu mbili, upande mmoja fani walizoziandika wanafunzi kwenye fomu za kuombea, upande wa pili fani walizosajiliwa. Usiongeze maneno mengi. Muulize tu mwisho wa kubadilisha fani ni lini, maana majina yakishapelekwa kwenye usajili wa mitihani itakuwa shida kuyarudisha, na kama darasa la umeme limejaa, je, halibebi mwanafunzi mmoja zaidi, au haliwezi kugawanywa asubuhi na jioni. Fanya hilo kabla hujakwenda kwa baba yake binti. Ni aibu kumshawishi mzee wa watu halafu ukamwambia nafasi hakuna.

Ukishaonana na mkuu na baba yake binti niandikie, na unambie baba alisema nini khasa, kwa maneno yake mwenyewe.

Bi Mshauri